Mifuko Tusiyoifungua

Kilima kinakotoka saruji yetu kinaitwa Wazo.
Miaka ishirini na mbili nahesabu mifuko
na jina hilo sikuwahi kulisikia vizuri.
Wazo linachimbwa, linasagwa, linachomwa tanuruni
mpaka jiwe liteme pumzi yake ya kale,
kisha linapakiwa, kilo hamsini hamsini,
linashuka Barabara ya Bagamoyo hadi Kisutu,
kwangu mimi, mkadiriaji, mwenye kalamu nyekundu.

Jengo la Bi Nurbanu lina ghorofa nne.
Baba mkwe wake alilimaliza mwaka hamsini na nane:
vibaraza virefu, matofali ya matundu
kama bao lisilo na kete,
ngazi ya terazo iliyolika katikati
kwa nyayo za makarani, washonaji, wadai.
Simama kwenye ujia wake saa nane mchana:
karatasi inapepea mkononi
wala hakuna aliyewasha kitu.

Wanawe walitaka ghorofa kumi na tano za kioo.
Wakaleta picha: jengo la buluu, mbingu ya buluu,
watu wa kuchorwa, wembamba, wasio na jasho.
Hakuna muuza maji. Hakuna jenereta.
Kioo hiki kinatazama wapi? nikauliza.
Magharibi. Kuna mandhari.
Mandhari ya foleni, nikawaza,
na jua la saa kumi litakaloingia kama mdai,
viyoyozi vikimlipa kila siku
na kuwadondoshea wapita njia chenji.

Usiku nikakaa na jedwali.
Kifusi: malori mia tatu na kumi
(kwenda wapi? safu hiyo haipo).
Nondo: tani mia sita.
Saruji: mifuko thelathini na nane elfu.
Moshi nao hauna safu katika fomu zetu.
Nikaichora pembeni, kwa mkono, bila rula.

Eliakunda, msanifu, kijana wa juzi,
bado hajajifunza kuogopa wateja.
Alikuja na nyundo, akagonga nguzo za zamani
moja moja, sikio limeegemea,
kama mtu anayechagua tikiti sokoni.
Zinalia vizuri, akasema.
Moshi wa nguzo hizi ulishatoka
kabla mama zetu hawajaolewa.
Tukizivunja tunakopa upya.

Fundi Mindu wa zege akacheka, si kwa furaha:
"Mkijenga kidogo, mimi nile nini?"
Kalamu yangu haikuwa na jibu.
Nikamwonyesha viraka, nguzo za kufungwa upya,
matofali ya udongo wa Pugu ya kushindilia,
vivuli vya mbao vya kuchonga:
mifuko michache, siku nyingi za mikono.
Akahesabu kwa vidole. Hakusema ndiyo.
Jumatatu alikuja na vijana sita.

Tulibishana miezi minne.
Bi Nurbanu alisikiliza akimenya chungwa,
siku ya mwisho akasema: "Ngazi msiiguse.
Nilipanda nayo siku ya harusi."
Basi. Akala chungwa lake.
Ngazi haibaki hewani, nikawaambia wanawe.

Ghorofa nne zimebaki,
tatu nyepesi zimekaa mabegani mwake.
Matundu yaliyozibwa kwa magazeti tumeyazibua;
humo tulikuta bei ya sukari ya mwaka sabini na tisa.
Upande wa magharibi mwana mkubwa alipata kioo chake.
Hapo nilishindwa. Kinang'aa hadi leo,
na chini yake lami haikauki.

Sikuokoa dunia. Nilifuta namba,
nikaandika nyingine: elfu sita.
Ukipita Kisutu hutaona chochote,
kwani kilichopungua hakina jiwe la msingi,
hakuna anayekuja kukikatia utepe.
Ila kule juu ya Tegeta
kipande cha Wazo kimebaki ardhini,
hakijachomwa, kimeota nyasi,
na mimi, kwa kalamu ileile,
nimeanza kukihesabu.